Ziwa la Mlimani au Ziwa la Nyumbani?



Muhula huu mabwenini pamekuwa na maneno mengi juu ya safari ya Kidato cha Nne. Wenzangu wengi wataka twende Mbeya kuliona Ziwa Ngozi, na hoja zao si za kudharauliwa. Ziwa hilo liko katika milima ya Uporoto, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ndani ya shimo lililoachwa na volkano. Mtu hupanda kwa miguu katika msitu mnene, na afikapo ukingoni huyaona maji chini sana, yametulia, wala hapana mto uonekanao kutoka humo. Watu husema kuwa umbo lake lafanana na ramani ya Afrika. Kila mwanafunzi aliyesoma habari za volkano kitabuni angependa kuyaona hayo kwa macho yake, nami ni mmoja wao.

Hata hivyo nathubutu kusema kuwa mwaka huu tusiende Ngozi. Twende Katavi, tena twende wakati wa kiangazi.

Najua baadhi yenu mtacheka na kuuliza, "Katavi? Si pale tunapopita na basi?" Naam, ni pale pale. Twavuka daraja la Sitalike, twawaona viboko dirishani, na basi laenda zake. Penye miti hapana wajenzi. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani ili wafike katika hifadhi hiyo, na Sitalike ni kama kilomita 35 tu toka Mpanda mjini. Lakini mimi, mtoto wa Litapunga mwenye umri wa miaka 17, sijasimama hata siku moja kando ya ziwa ambalo jina lake ndilo jina la mkoa wangu.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na eneo lake ni kilomita za mraba 4,471. Mkoa wetu ulipotengwa na Rukwa mwaka 2012 ulipewa jina hilo. Wazee husimulia kuwa Katavi ni jina la mzimu akaaye katika mkwaju karibu na ziwa, na kwamba watu huacha sadaka ndogo chini ya mti huo. Ndani ya hifadhi mna maziwa mawili, Katavi na Chada, na yote mawili hupata maji kwa Mto Katuma.

Maziwa haya si kama Ngozi. Wakati wa masika hujaa na kuenea mbugani. Wakati wa kiangazi hupungua mpaka yakawa majani na matope. Hapo ndipo viboko kwa mamia husongamana katika vidimbwi vilivyobaki, wakipigana kwa ajili ya nafasi, na mamba hujificha katika mapango ya kingo za mto wakingojea mvua.

Ukame wa kiangazi ni desturi ya nchi. Lakini miaka ya karibuni maji ya Katuma yamepungua kupita desturi, na sababu moja kubwa ni mabwawa na mifereji ya kumwagilia mpunga, iliyochimbwa huku juu kabla mto haujaingia hifadhini. Simwiti mkulima mwovu. Godoro ninalolalia bwenini, na daftari ninaloandikia maneno haya, vilinunuliwa kwa fedha za mpunga. Mpunga wahitaji maji, na kiboko ahitaji maji. Yafaa tugawane. Lakini mtu atagawanaje kwa haki na jirani ambaye hajapata kumwona katika shida yake? Ndiyo maana nasema twende kiangazi, wala si wakati ziwa linapopendeza kwa picha.

Wako wasemao kuwa Katavi kuna mbung'o. Ni kweli, nao huuma. Lakini na Ngozi kuna matope na miteremko, wala hapana aliyeikataa kwa sababu hiyo. Tena tuzifikirie fedha za wazazi wetu. Toka Mpanda hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 500, na lazima tulale njiani au huko huko. Katavi twaweza kwenda alfajiri na kurudi jioni, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Huenda fedha zitakazobaki zikatosha kuwachukua na wadogo zetu wa Kidato cha Pili.

Basi nawaomba walimu wetu walifikirie jambo hili kabla safari haijapangwa. Nawaomba na wazazi, hasa wale wanaolima mpunga katika bonde la Katuma, watuchagulie wawili au watatu wa kufuatana nasi, ili wajionee wenyewe maji yanafika wapi na yanakomea wapi. Na kila mwanafunzi atakayekwenda aandike aliyoyaona, akawasomee watu wa nyumbani wakati wa likizo.

Ngozi tutaiona siku nyingine, tukiwa watu wazima wenye mishahara yetu. Shimo lile la volkano litatungoja. Maji ya Katuma hayawezi kutungoja hivyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne