Mtoto wa mchimbaji asome IA? Ndiyo, lakini aanze na hesabu

Wazazi wa Kalima, Punia na Kailo wanatuuliza sana siku hizi: mtoto amepata diploma ya Serikali, hataki tena sheria wala udaktari, anataka kusoma akili ya mashine, ile wanaita IA. Ni masomo ya kweli, ao ni njia ingine ya kula makuta yetu?

Sisi wa sendika tunasema ni ya kweli. Na yanatuhusu sisi wachimbaji kabisa, juu mashine hizo zimekwisha kuingia katika kazi yetu. Kule Kibali, Haut-Uele, kuna mashine zinazobeba mawe chini ya ardhi bila dereva. Mtu mmoja anakaa huku juu, mbele ya skrini, anaongoza kadhaa pamoja. Kampuni ya Marekani, KoBold Metals, inaipa kompyuta ramani za zamani na majibu ya laboratwari, kisha kompyuta inaonyesha pa kutoboa. Julai 2025 ilitia sahihi mapatano na Serikali yetu, na ndani yake kuna kazi ya kuingiza katika kompyuta karatasi za jiolojia ya Kongo. Nyingi ya karatasi hizo ziko Tervuren, Ubelgiji. Mawe yaliyoandikwa humo wazee wetu ndio waliyabeba. Kama hakuna mtoto wetu wa kuzisoma, atazisoma mwingine, na sisi tutapata habari siku ya kuambiwa tuhame.

Lakini ndani ya jina hilo moja kuna kazi mbili. Kuna mwenye kuijenga mashine, na kuna mwenye kuilisha. Nairobi, vijana wenye masomo walikaa kutwa wakisoma maandishi machafu ili kuifundisha mashine ya ChatGPT isiyarudie. Gazeti la Time lilionyesha, Januari 2023, kwamba walilipwa chini ya dolari 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo, zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walipiga kura kuunda sendika. Tunawapongeza. Lakini mzazi hauzi mavuno ya mwaka mzima wa kasiteriti ili mtoto afike pale.

Kinachotenganisha hao wawili ni hesabu. Kwa hiyo mtoto asome hesabu na fizikia tangu sekondari, aingie jiolojia, migodi ao informatiki, Lubumbashi, Kisangani ao hapa Kindu, halafu IA aiongeze juu. Ile shule ya miezi mitatu inayoahidi kazi Ulaya, muiulize kwanza: nani anafundisha? Saa ngapi za hesabu? Kompyuta ziko ngapi, na umeme mnatoa wapi? (Wakazi wa Kindu wanajua sababu ya swali la mwisho.)

Kuhusu makuta: kodi ya migodi ya 2018 inadai kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Wengi wetu tunachimba kwa mikono, ndiyo, na koperative haimo katika sheria hiyo. Lakini pale kampuni iko, viongozi wa vijiji wasikubali tena kisima na kibao cha rangi tu. Waandike bursi za watoto, na mshahara wa mwalimu wa hesabu.