Mbwa Mkubwa Aliyekosa Mwenyewe



Swali lililoletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Kisawasawa halikuwa la mirathi wala la talaka, bali la mbwa. Familia moja ya majirani zetu ilimwokota mbwa dume, mkubwa wa umbo, aliyeachwa amefungwa kamba penye ghala tupu baada ya mlinzi wake kuhama bila kuaga. Kijana wa nyumba ile alimkata kamba, akampa maji na makombo ya ugali, na mbwa akamfuata hadi nyumbani. Sasa miezi miwili imepita. Mbwa amepata mwili, anabweka usiku, anakula zaidi ya watoto wawili, na bibi wa nyumba hana tena utulivu na mahali pake pa kusalia. Baba akauliza: je, yafaa ampakie kwenye bajaji, amwache ukingoni mwa msitu wa Udzungwa, naye arudi zake?

Haifai. Nitaeleza kwa nini, kisha nieleze lifaalo, kwa kuwa naamini nyumba nyingi za bonde hili zinalo swali hili hata kama halijaletwa msikitini.

Wengi wetu tulilelewa tukimjua mbwa kwa jambo moja tu, nalo ni najisi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, mbwa ni najisi mwili wake wote, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wanazuoni wa Kimaliki wana kauli nyepesi zaidi, lakini sisi tuendelee na tuliyofundishwa. Hata hivyo, najisi ni hukumu ya tohara. Haisemi kwamba uhai wa kiumbe huyo hauna thamani. Mbwa mkavu akipita na kugusa kanzu kavu, hakuna kilichohamia kwenye kanzu, na mtoto anayemrushia mbwa mawe kwa kisingizio cha kulinda udhu wake amefundishwa vibaya na watu wazima.

Kila aliyekaa madrasa amesikia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Amesikia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha, wala kumwacha ajitafutie. Zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Kijana wa nyumba ile, alipomkata kamba mbwa yule, alikuwa upande wa mtu wa kisimani. Mzazi wake asimhamishie upande wa pili.

Ipo lakini Hadithi nyingine, ambayo baba huyo aliitaja kwa haki. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayefuga mbwa pasipo haja hupungukiwa kila siku na sehemu ya ujira wa amali zake, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Imam Nawawi ameona kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kulinganisha na hao watatu. Basi baba akisema, "Mimi sina shamba la kulindwa wala ng'ombe, mbwa huyu asikae kwangu," ana haki kamili. Hadithi hiyo inampa haki ya kutomfuga. Haimpi haki ya kumtupa. Zaidi ya hayo, inamwonyesha mahali pa kumpeleka, yaani kwa mwenye haja inayokubalika.

Na katika bonde la Kilombero haja hiyo haitafutwi kwa taa. Mpunga unapoanza kuiva, watu huhamia mashambani na kulala katika madungu wakifukuza nguruwe pori usiku, na mchana wanashindana na ngedere na nyani. Mkulima mwenye mbwa mkubwa mwenye sauti analala saa mbili zaidi kuliko asiye naye. Wako pia wafugaji, Wasukuma na Wamasai, ambao mbwa kwao ni sehemu ya zizi. Haja ya tatu, uwindaji, tuiweke kando: Udzungwa ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, na anayeomba mbwa ili amwingize humo kutafuta nyama asipewe, hata akiwa swahiba.

Kuhusu kumwacha msituni, madhara hayaishii kwa mbwa. Mbwa aliyezoea ugali hawindi vyema. Hurudi vijijini, akaiba kuku, akapigwa, akauma. Na maradhi ya mbwa wa majumbani huvuka kwa wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaofahamika kwa mbwa uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Upande wa pili wa bonde letu, katika Hifadhi ya Nyerere, wako mbwa mwitu, ambao ni wachache duniani na hawahitaji zawadi ya aina hiyo kutoka kwetu.

Jambo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba Watanzania wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na waumwao sana ni watoto. Dalili zikishaanza, tiba karibu haipo. Na ugonjwa huu husafiri pamoja na mbwa anayehamishwa. Tazameni kisiwa cha Pemba, ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu. Kwa kampeni za kuchanja mbwa, kichaa cha mbwa kilitokomezwa huko mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, kikiingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja upya, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikakoma mara ya pili. Wapemba hawakupenda mbwa kuliko sisi. Walikubali tu kumshika mbwa kwa kamba na kumpeleka kwenye chanjo, kisha wakanawa na kwenda kusali.

Kwa hiyo mbwa huyu hatahama kabla ya kuchanjwa. Historia yake haijulikani, na kinga ya chanjo huhitaji wiki chache ili ikamilike, hivyo tumeiomba familia ivumilie mwezi mmoja baada ya sindano, mbwa akiwa amefungwa kwa kamba ndefu yenye kivuli na maji, mbali na mahali pa sala na mbali na watoto wadogo. Katika muda huo wamwangalie: akibadilika tabia, akishindwa kumeza, akitokwa na mate mengi, au akishambulia bila sababu, asiguswe na mtu, aitwe afisa mifugo. Na yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa, awe huyu au mwingine, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Msipake vitunguu, msipake mafuta ya taa, wala msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyeuma na yu hai afungwe na kuangaliwa siku 10, wakati aliyeumwa ameshaanza chanjo.

Likaja suala la bei. Mtu mmoja kutoka nje ya kijiji alikuwa tayari kutoa fedha nzuri, maana mbwa wa umbo hili ni adimu huku. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na kwa madhehebu yetu kumuuza ni batili, ijapokuwa Wahanafi wanaruhusu. Tumemshauri baba aondoe mkono wake bure, na gharama ya chanjo ailipe mpokeaji mwenyewe moja kwa moja kwa mtaalamu. Nakiri kwamba nilifurahi mnunuzi yule alipoondoka, kwa sababu hakuuliza hata mara moja mbwa anakula nini. Aliuliza kama anauma.

Nalo swali la kuuma lijibiwe kwa ukweli. Kutotoza bei hakuhalalishi udanganyifu. Mbwa huyu hajamuuma mtu tangu aokotwe, lakini hunguruma akikaribiwa wakati wa kula, na humvutia mtu mzima kamba hadi akayumba. Mwenye watoto wanaotambaa simshauri amchukue. Anayemtaka aje mara tatu au nne kabla ya kumchukua, amlishe mwenyewe akiwa na kijana aliyemlea, na siku ya kuhama apewe kitambaa alicholalia pamoja na chakula kile kile alichozoea: ugali wa dona na dagaa. Mbwa mkubwa anayehamishwa kwa ghafla hukata kamba na kurudi alikotoka, na njiani kuna barabara yenye malori ya miwa.

Kijana aliyemwokoa amelia, na baba akataka tumkanye. Hatukumkanya. Tulimwambia achague yeye, miongoni mwa watakaofaa, nani atampa, naye amekubali. Watoto wa nyumba humwita mbwa huyo Simba.

Ni dume, manyoya mafupi ya rangi ya hudhurungi, sikio la kushoto limekatika ncha. Atakuwa tayari kuhama kabla mpunga haujaanza kuiva. Atapewa Mwislamu au Mkristo, mkulima au mfugaji, almuradi ana kazi ya kweli ya kumpa, kivuli, na chakula cha kila siku. Mwenye haja afike msikitini Kisawasawa siku yoyote isipokuwa Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, aulize katibu. Asije na fedha, ila aje na jirani mmoja anayemfahamu.