"That" haina maana moja

Mwanafunzi aliyekariri kwamba "that" ya Kiingereza ni "ile" amejifunza theluthi tu ya somo.

Katika "that house" ni kweli: nyumba ile. Lakini katika "I know that he came" ni kiunganishi, kazi ya "kwamba" yetu. Na katika "the book that I bought" ni kirejeshi, ambacho Kiswahili hukipachika ndani ya kitenzi: kitabu nilichonunua. Hapo Kiingereza huruhusu hata kuiacha, "the book I bought". Katika "the man that came", ambapo kirejeshi ndicho kiima, haiachwi. Si ajabu wengi huchanganyikiwa!

Walimu, anzeni na kazi ya neno katika sentensi. Tafsiri ije baadaye.