Nyuma ya Stempu Kuna Habari

Ameandika bwana mmoja gazetini kwamba kuchunguza alama ya maji katika stempu za kale ni kupoteza wakati, kwa kuwa picha, asema, ndiyo yote. Nami, niliye hapa Sori ufukoni mwa ziwa, namjibu bila taradadi kuwa kauli hiyo ni batili. Stempu za Mfalme George wa Tano, zilizotolewa tangu 1912 kwa Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, zina alama ya maji ya taji na herufi CA za chapa. Zile za 1921, zenye sura ile ile, zina CA za mtindo wa mwandiko. Stempu iliyofutika tarehe ya muhuri, ataujuaje umri wake kwa picha peke yake? Ailaze stempu kifudifudi juu ya kitu cheusi, atazame, ndipo ahukumu.