Kila Kimoja na Kazi Yake? Si Kweli

Katika mtaa wa Aggrey, Kariakoo, maduka mengi yamepanga vitu vitatu ndani ya kabati moja la kioo: simu janja, kishikwambi na saa janja. Muuzaji hasubiri kuulizwa. Maneno yako tayari mdomoni: kila kimoja na kazi yake, bosi. Simu ni ya kupigia na kuchati, kishikwambi ni cha mtoto kusomea, saa ni ya kuangalia presha na mapigo ya moyo. Mwenye simu peke yake anaonekana amefika nusu ya njia. Imani hii imeenea kiasi kwamba haihitaji tena tangazo. Mzazi anajibana ili mwanawe asionekane nyuma ya wenzake, kijana anakopa ili mkono wake uwe na kioo kinachowaka. Nasema imani hiyo haina msingi, na inawaumiza zaidi wale ambao fedha yao haina nafasi ya kukosea. Kwa mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam ambaye tayari ana simu janja nzima, kishikwambi na saa havina kazi yao wenyewe. Vinaazima kazi za simu, na nyingi ya kazi hizo vinazifanya vibaya zaidi.

Tuanze na kile kinachoipa simu thamani katika mji huu. Kamera na kioo vinapendeza, lakini uzito wote uko kwenye laini. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, pochi, duka na sehemu kubwa ya benki vimehamia kwenye namba ya simu, na usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa Januari 20, 2020, ukaifunga namba hiyo na mtu mwenyewe. Mtazame mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo mwenye wateja Mbeya, Lubumbashi na Lilongwe. Oda inaingia kwa WhatsApp, fedha inaingia kwenye namba, salio analihakiki kwa kubonyeza *150*00#, mzigo unapandishwa basi, na picha ya risiti inarudi kwa mteja. Mnyororo huo mzima unapita kwenye kifaa kimoja. Je, iPad inaweza kushika kiungo gani hapo? Haipigi menyu ya nyota na reli kabisa, hata ile yenye sehemu ya laini. WhatsApp ya iPad yenyewe ilitoka Mei 2025, miaka 15 baada ya iPad kuingia sokoni, na hata sasa akaunti inatambuliwa kwa namba ya simu. Vipo vishikwambi vya Android vinavyopokea laini na kupiga simu, ni kweli. Lakini hapo umesajili laini ya pili na kununua bando la pili ili ufanye kazi ile ile kwa kifaa kisichoingia mfukoni. Saa nayo ni tegemezi zaidi. Ile ya Apple inataka iPhone, na hizi za bei ya chini zilizojaa Kariakoo, ukizitenga na simu zinabaki kuonyesha saa na kuhesabu hatua.

Wapo watakaosema nakipima kishikwambi kwa kipimo cha simu, wakati kiliundwa kwa mambo mengine. Basi tukipime kwa kipimo cha aliyekileta. Steve Jobs alipoitambulisha iPad mwezi Januari 2010, alikiri kwamba kifaa cha tatu kati ya simu na kompyuta mpakato hakina sababu ya kuwepo iwapo hakitavizidi vyote viwili kwa mbali katika kazi fulani, akataja kuperuzi intaneti, picha, video na kusoma vitabu. Wakati ule alikuwa sahihi. Kioo cha iPhone kilikuwa inchi 3.5, cha iPad inchi 9.7. Mwaka uliofuata Samsung ilitoa Galaxy Note ya inchi 5.3, na wengi waliona ni simu kubwa kupita kiasi. Leo simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa kwa mtu wa kipato cha kawaida zina kioo cha inchi 6.5 au zaidi. Kishikwambi ambacho mtu huyo huyo anaweza kukimudu kina inchi 7 au 8. Pengo lililokizaa kishikwambi limezibwa na simu yenyewe, na kilichobaki hakizidi inchi moja na nusu, mara nyingi pamoja na kumbukumbu ndogo na kamera dhaifu kuliko za simu iliyoko mfukoni. Vishikwambi vikubwa na vizuri vipo, lakini bei yake inakaribia au kupita ya kompyuta mpakato iliyotumika, nayo ina kibodi.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu ni ya mtoto na shule, na ushahidi wake umetoka hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vya Pixel C katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto wanaokaribia 3,000, kwa ushirikiano na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 ushindi uligawanywa kwa timu mbili, Kitkit School na onebillion. Sitaki kulipunguza jambo hilo. Mtoto aliyejifunza kusoma lugha yake bila mwalimu ni habari kubwa kuliko soko lote la Aggrey. Lakini angalia mazingira yake. Kishikwambi kile hakikuwa pembeni ya simu janja, kilikuwa peke yake. Ndani yake mlikuwa na masomo yaliyoandaliwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mtoto yule, bila tamthilia, bila matangazo, bila mtandao wa kijamii. Kijijini kulikuwa na kituo cha sola cha kuchajia, na kulikuwa na watu waliopewa jukumu la kufuatilia. Ukiviondoa vyote hivyo ukabaki na kioo chenyewe, umeondoa kilichofundisha.

Ndiyo maana kishikwambi kinachonunuliwa Aggrey kwa ajili ya mtoto wa Ilala au Magomeni hakirithi matokeo ya Tanga. Nyumbani kinakuta simu ya baba na ya mama, na kazi yake ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho, ni kumtuliza mtoto kwa katuni. Kama lengo ni masomo, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba mtandao yake, na simu ya mzazi inaifungua. Kifaa peke yake hakifundishi: Peru waligawa kompyuta zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi bila kuziingiza katika ufundishaji, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inasema kujifunza hakukuboreka. Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilifanya kazi. Karani alifundishwa kwanza, akapewa programu moja na kazi moja yenye mwanzo na mwisho, na nyuma yake palikuwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Baadaye vikagawiwa kwa walimu, na thamani yake darasani inategemea kilichowekwa ndani yake, kwa sababu chuma ni kile kile. Vivyo hivyo kishikwambi cha duka la dawa kinachotunza hesabu ya shehena, au cha mgahawa kinachopokea oda: kina mwajiri. Hicho sikipingi. Ninachokipinga ni kishikwambi kisicho na mwajiri, kinachonunuliwa kwa matumaini kwamba kazi itapatikana kikishafika nyumbani.

Kwenye saa, jambo linakuwa zito zaidi kwa sababu linagusa uhai. Saa za bei ya chini zinauzwa kwa ahadi ya kupima presha, oksijeni, na nyingine hata sukari bila kutoboa kidole. Mwezi Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya wananchi wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari kwa njia hiyo. Ilisema haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya kubahatisha anaweza kupoteza maisha. Kuhusu presha, hata kampuni kubwa zina uangalifu kuliko wauzaji wetu: Samsung inamtaka mtumiaji wa saa yake inayokadiria presha airekebishe kila baada ya siku 28 kwa mashine ya mkanda unaofungwa mkononi. Kwa maneno mengine, ili saa iaminike lazima umiliki kwanza ile mashine ambayo saa ilidai kuchukua nafasi yake. Nakubali kwamba saa za gharama kubwa zimewahi kugundua mapigo ya moyo yasiyo sawa. Kipimo cha umeme wa moyo cha Apple Watch kilikubaliwa na FDA mwaka 2018. Lakini saa hiyo siyo inayotandikwa kwenye turubai la mtaa wa Msimbazi. Na mnunuzi wa saa hana kinga aliyonayo mnunuzi wa simu. Mwezi Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilizima simu bandia nchi nzima, na hadi leo unaweza kubonyeza *#06# ukapata namba ya utambulisho wa simu na kuihakiki kabla ya kulipa. Mfumo huo wa uhakiki unatambua vifaa vinavyojiunga na mtandao wa simu. Saa inayotegemea bluetooth haipiti hapo, kwa hiyo ikiwa bandia hakuna wa kuizima.

Kuna pingamizi moja dhidi yangu ambalo naliheshimu, nalo ni la mitaani. Kariakoo ni mahali pa msongamano na wakwapuzi, na mwenye saa anaweza kuona nani anapiga bila kuitoa simu mfukoni. Hilo ni kweli, na kwa mtu anayeshinda barabarani, kama dereva wa bodaboda au mpeleka mizigo, linaweza kuokoa simu. Basi tulipe uzito wake sahihi: ni kazi ya mtetemo na jina la anayepiga, na bangili janja ya bei ndogo inaifanya sawa na saa ya gharama kubwa. Ukitaka kujibu, kuhamisha fedha au kusoma oda ndefu, simu itatoka mfukoni vilevile. Na saa ing'aayo kwenye kifundo cha mkono ndani ya daladala nayo inamwita yule yule unayemkimbia.

Kwa wanafunzi natofautisha. Kijana wa chuo cha DIT au cha CBE anayesoma PDF za kurasa mia tatu anapata nafuu ya kweli kwenye kioo kikubwa, na mzee ambaye macho yamepungua nguvu vilevile. Lakini mwanafunzi anayesoma pia anaandika: ripoti, jedwali, mradi wa mwisho. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu zaidi ya simu, kompyuta mpakato iliyotumika inasoma PDF zile zile na kuandika juu yake. Mzee ndiye pekee katika orodha hii ambaye ningemnunulia kishikwambi, na hata kwake ningejaribu kwanza kukuza maandishi ya simu.

Tukiacha hayo, kuna gharama ambazo hazijaandikwa kwenye bei. Kioo cha Tecno kikipasuka, fundi wa mtaa wa Likoma anakibadilisha ukisubiri. Kioo cha kishikwambi kisicho na jina unaweza kukitafuta wiki nzima usikipate. Kila kifaa kinataka chaja yake, na waliopitia mgao wa umeme kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 wanajua maana ya kuwa na vifaa vitatu vinavyosubiri umeme urudi. Kishikwambi kisicho na laini kinanyonya bando la simu na betri yake kwa wakati mmoja. Hata Serikali iliwahi kuweka simu na vishikwambi kapu moja: mwaka 2021 iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti, kisha mwaka uliofuata ikaufuta msamaha huo. Naona kosa lilianzia kwenye kapu. Simu janja ya kwanza inamwingiza mtu kwenye intaneti. Kishikwambi kinachoifuata kinamkuta ameshaingia. Msamaha ukirudi siku moja, uwe wa yule ambaye bado ana kitochi.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposimama mbele ya kabati lile, mwombe muuzaji akutajie kazi moja ambayo simu yako haiwezi, na ambayo utaifanya wiki hii. Akiitaja, lipa. Asipoitaja, fedha hiyo ina mahali pengine: betri mpya ya simu uliyonayo, simu yenye kumbukumbu kubwa zaidi, vitabu vya mtoto vya karatasi. Na kama ni presha inayokupeleka kwenye saa, vuka barabara uingie duka la dawa. Mashine ya mkanda inauzwa pale, na kipimo chake daktari anakipokea.