Acheni Kumlipa Mwalimu kwa Wito

Mwezi uliopita nilikaa chini ya turubai kwenye mahafali ya kidato cha nne ya mtoto wa kaka yangu. Hafla ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi aliwasili saa sita kasoro, skauti wakiwa wamesimama juani muda wote huo kumsubiri. Mkuu wa shule akasoma risala, na risala zetu zote zinafanana: walimu wa sayansi na hisabati hawatoshi, nyumba za walimu ni mbili tu, walimu wanadai fedha za likizo na za uhamisho, wengine wamepandishwa daraja kwenye karatasi na mshahara haujabadilika. Mgeni rasmi akashika kipaza sauti, akayajibu yote kwa mkupuo. Ualimu ni wito, alisema, na anayetaka pesa aache chaki akafanye biashara.

Wazazi wakapiga makofi.

Makofi hayo yaliniuma kuliko kauli yenyewe. Mgeni rasmi ana sababu ya kusema alichosema, kwa kuwa deni likishaitwa wito halina wa kulilipa. Sisi tulikuwa tunashangilia nini? Mwalimu anayedaiwa kodi ya chumba ndiye anayekaa na watoto wetu kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Nitajieni kazi nyingine ambayo mtu akidai chake anajibiwa hivyo. Fundi bomba akija kuzibua choo mnapatana bei, na usipomlipa anarudi na mjumbe. Wakili hafungui faili bila malipo ya awali. Mbunge ana mshahara, ana posho ya kikao, na bunge likivunjwa ana kiinua mgongo. Sijasikia mtu akimwambia kwamba uwakilishi wa wananchi ni wito na anayetaka pesa akauze nyanya. Neno hili tumewawekea watu maalumu: walimu, manesi, wahudumu wa afya wa vijijini. Wote ni watu ambao wakisimamisha kazi wanaoumia kwanza ni watoto na wagonjwa, na kwa kuwa tunajua hawatakubali watoto na wagonjwa waumie, tunawakamata hapo hapo.

Dada yangu anafundisha darasa la kwanza. Nenda ukamtazame Januari, watoto wakiwa bado wanawalilia mama zao. Anawatoa uwanjani wachore herufi hewani kwa kidole, kisha mchangani, ndipo awape penseli. Anashika mkono wa mmoja mmoja na kuuzungusha polepole mpaka "a" ifunge tumbo. Mtoto akipatia, dada anashangilia kabla ya mtoto mwenyewe. Kazi hii anaipenda, na angeifanya mpaka astaafu bila kusukumwa na mtu. Usiku anasahihisha rundo la madaftari na andalio la somo la kesho bado linamngoja. Saa ya mapumziko anauza barafu za ubuyu kwa wanafunzi wake mwenyewe, na hapo ndipo panapomtesa: mtoto asiye na hela anasimama kando, anamtazama mwalimu wake akiwahudumia wenzake.

Kwa nini auze barafu? Kwa sababu kadi yake ya benki haiko naye. Alihamishwa na mwajiri kwenda wilaya nyingine, na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinataka mtumishi anayehamishwa hivyo alipwe gharama. Aliambiwa atangulie, fedha zitafuata. Akakodi Fuso kwa mkopo wa kausha damu, akapakia vitanda na watoto, na hadi leo fedha hazijafuata. Mkopeshaji anayo kadi, anayo na namba ya siri, na mshahara ukiingia yeye ndiye anayefika kwanza kwenye mashine. Hali hii imeenea shuleni kiasi kwamba ofisi ya walimu ikisikia haishtuki tena. Huyu ndiye tunayemwambia akafanye biashara. Anafanya tayari, bwana mgeni rasmi, na mtaji wake ni deni mnalodaiwa ninyi.

Wahenga walisema usikatae wito, kataa maneno. Dada yangu aliitikia zamani. Anachokataa ni maneno, na ana haki.

Ninajua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa pale pale chini ya turubai na mzee mmoja mwenye koti: walimu wa zamani walifundisha bila kulalamika. Mzee, mwalimu wa zamani alinunua baiskeli na redio kwa mshahara wake wakati kijiji kizima hakina. Alipopita njiani watu walivua kofia, na binti wa watu alipoposwa na mwalimu kwao walifurahi. Leo kijana anayetaka kuoa akisema yeye ni mwalimu, wakwe wanauliza anafanya nini kingine. Mkitaka utulivu wa zamani, mrudishieni na baiskeli yake.

Halafu jamii hii inayohubiri wito ndiyo inayompeleka ualimu mtoto aliyekosa pengine pote. Shule za kata zilipofumuka katikati ya miaka ya 2000, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kuingizwa madarasani, na watu wakawapachika jina la Voda fasta. Tuliwacheka. Hatukuuliza wito ulipatikana wapi kwa wiki chache hizo. Leo wapo waliohitimu vyuo vya ualimu tangu 2015 wasio na ajira, wengine wanafundisha kwa kujitolea, wanalipwa kwa michango ya wazazi mwezi inapopatikana. Hao wameitwa, wameitika, na mlango umefungwa.

Kenya wamefika mbali zaidi. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walilipwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kwa kazi ile ile ya mwalimu wa kudumu, wakagoma mwaka 2024. Kwetu, Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilipoitisha mgomo wa nchi nzima Julai 30, 2012, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi iliamuru walimu warudi darasani, na haikupita hata wiki. Mgomo ulizimwa haraka kuliko fedha ya likizo inavyolipwa.

Na msinitajie Mwalimu Nyerere. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora na Pugu, na mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya darasa na siasa aliacha darasa. Hakuna aliyemshutumu kwamba amesaliti wito. Manesi nao msiwatajie Florence Nightingale. Alipoanza kuongoza hospitali London mwaka 1853 bila mshahara, baba yake alikuwa akimpa pauni 500 kwa mwaka. Nesi wetu wa zamu ya usiku baba yake anamtegemea yeye.

Tena pesa zikitafutwa hupatikana. Mei Mosi 2025 pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Hakuna mwalimu aliyepoteza mapenzi ya kazi kwa sababu ya nyongeza. Tatizo ni kwamba nyongeza haifuti malimbikizo, na dada yangu na wenzake bado wanadai nauli za mizigo waliyokwisha kuifungua miaka mingi iliyopita.

Wazazi wenzangu, kwenye mahafali tunachangishana keki, turubai, muziki na zawadi ya mgeni rasmi, na hakuna anayechelewa kutoa. Basi kwenye kikao kijacho cha shule ombeni orodha ya madai ya walimu isomwe, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, kisha mumtume diwani aipeleke kwenye baraza la halmashauri na arudi na tarehe ya malipo. Akirudi na neno wito, msimpigie makofi.