Sita au Tisa? Masikio ya Wapulizia Mikorosho

Ngoma ikipigwa usiku katika kijiji cha mbali, sisi tulio Newala mjini huusikia mdundo wake mzito tu. Njuga na maneno ya nyimbo hubaki njiani. Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde; sauti nzito, yenye mitetemo michache kwa sekunde, hufika mbali, ilhali ile nyembamba humezwa mapema na hewa na miti.

Mtu ambaye masikio yake yameharibiwa na kelele huishi hivyo hivyo, hata akiwa ameketi mbele yako. Mzee mmoja, mkulima wa korosho, alifika kliniki tarehe 9 badala ya tarehe 6. Muuguzi akamkaripia kwa uzembe. “Mwanangu, mlisema tisa,” akajibu. Nilimwamini. Katika “sita” na “tisa” irabu ni zile zile, nazo ndizo zenye nguvu. Kinachoyatenganisha maneno hayo ni mpangilio wa t na s, konsonanti dhaifu na nyembamba. Sehemu kubwa ya sauti ya s ina mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde, na kelele huanza kulidhuru sikio katika eneo hilohilo.

Mzee huyu amebeba mashine ya kupulizia salfa mgongoni kwa misimu mingi, injini ikinguruma jirani kabisa na masikio yake. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu, hivyo desibeli 94 ni za saa moja tu. Mashine hizi mara nyingi hupita 90. Ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zinazogeuza mtetemo kuwa taarifa ya neva. Zikifa, hazioti tena.

Mkulima huhimizwa kuvaa barakoa, na ni haki. Lakini sijaona vizibo vya masikio vikigawiwa pamoja na salfa, ingawa bei yake ni ndogo. Naona ni kosa, na sisi wa afya tunashiriki kwa kutouliza kazi ya mgonjwa anayesema, “Nasikia, ila sielewi.” (Mchunguzeni sikio kwanza, pengine ni nta tu, na ataondoka akisikia vizuri siku hiyo hiyo.)

Tena tuache kuwapigia wazee kelele. Kupaza sauti hukuza irabu, ambazo tayari anazisikia; konsonanti hazinufaiki kwa kiasi hicho. Mtazame usoni, sema taratibu, iandike tarehe, kisha umwombe airudie mwenyewe. Asiyesoma aonyeshwe vidole. Mzee wetu tulipomwonyesha alicheka: nyumbani, alisema, yeye na bibi wamekuwa wakihesabiana hivyo kwa miaka.